Mtori wa Mama Aika

Jamani, tumbo hili litaniua kwa aibu kabla ya vidonda! Daktari alinikataza chipsi na pilipili, nikahamia kwa Mama Aika, muuza mtori wa Kijenge, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Kila asubuhi ananijazia chupa, naenda kunywa ofisini. Nyumbani kimya, nisije nikanyimwa nyama choma.

Siku moja Mama Aika akaniambia, "Hongera, baba! Wanaume wanaojali hivi ni wachache."

Nami, bwege, nikadhani anasifia ninavyojitunza. Kumbe kwao Uchagani mtori hupelekewa mwanamke aliyejifungua!

Jumamosi Mama Aika akabisha hodi kwangu na akina mama wa usharika wa kanisa lake, wamebeba kanga na sabuni.

"Tumekuja kumwona mzazi!"

Kitinda mimba wetu yuko darasa la tano. Mke wangu akawakaribisha vizuri, kisha akanigeukia.

"Baba Neema, wapeleke basi kwa huyo mzazi wako."