Mabakuli ya Watu

Katika mtaa wa Jeilani, pale Pate, bakuli lina miguu. Huondoka nyumba hii na mkate wa sinia, likaingia nyumba ya pili, na likirudi huja na muhogo wa nazi, au maembe, au hata ndimu mbili. Halirudi tupu. Ukilirudisha tupu umemwambia mwenzio kwamba kwako mna njaa, au kwamba chake hukukipenda. Hilo kila mtu alilijua, hata Jeilani, ambaye hakuingia shule hata siku moja, na jikoni aliingia tu kuuliza chai iko wapi.

Miguu ya mabakuli ya nyumba yake ilikuwa Bi Barka, mkewe. Yeye ndiye aliyejua lipi la nani, liende lini, liende na nini. Jeilani alikuwa mtu wa shamba. Alilima mahindi na ufuta, akaangua nazi, akarudi jua limepoa, akala. Hakuuliza kimetoka wapi. Ukimwuliza habari za nyumbani alikujibu, "Mwulize mwenyewe." Mwenyewe alikuwa Barka.

Barka alikufa mfunguo mosi, Ramadhani imekwisha na Idi haijapoa, naye akifunga siku sita zake. Alisema kichwa chamwuma, akajilaza baada ya adhuhuri, na alasiri hakuamka. Masika ilikuwa imekaza. Kaburi lilichimbwa huku watu wakiteka maji kwa ndoo.

Mwanamke akifiwa ana eda yake. Anajua siku ya kukaa na siku ya kutoka. Mwanamume hana. Khitma ilipokwisha, Mohdhar, mwenzake wa barazani, alimwinamia.

"Jeilani, tukutafutie mtu?"

"Mtu gani?"

"Mke, bwana. Au wataka nije nikupikie mimi?"

"Wali wako nimeshaula. Bora njaa."

Watu wakacheka. Jeilani naye akacheka kidogo, kisha akatazama viatu vyake mpaka mazungumzo yakageukia mambo mengine.

Mabakuli yakaja. La Bi Rawiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, lilikuwa na ua la buluu. La Bi Hayat lilikuwa la bati lililochubuka. La Bi Kadija, wa nyuma ya msikiti, lilikuwa zito, la udongo. Jeilani alikula, akayaosha, akayafuta kwa kitambaa, akayapanga katika vidaka vya ukutani alipokuwa Barka akipanga vyombo vyake. Kuyarudisha matupu aliona haya. Kuyatia kitu, hakujua kitu gani. Akasema kesho. Kesho ilipofika akasema kesho.

Idi ya kuchinja, mfunguo tatu, Rawiya alileta nyama katika bakuli jingine. Nalo likapanda kidakani.

Ikaja Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili. Siku hiyo Barka alikuwa akizoa jivu lote la jikoni na kuwasha moto mpya. Safari hii Jeilani alilizoa mwenyewe, akalimwaga, akawasha. Moto ukashika vizuri. Hakuwa na cha kuinjika. Akainjika maji, akakaa akiyatazama mpaka yakachemka, akayaepua.

Wakati wa Maulidi Jeilani alikwenda Amu, mjini Lamu, kwa binti yake, Safaa. Alipewa kitanda chini ya feni, akapikiwa, wajukuu wakamwonyesha picha za simu. Hakuna alichokosa. Lakini kila aliyemwamkia njiani alisema, "Shikamoo, Baba Safaa," akapita. Hakuna aliyesimama kumwuliza ufuta umeotaje. Siku ya tatu akataka kurudi.

Aliporudi, mabakuli yalikuwa yameacha kuja. Ufuta ukakauka, akaukata, akaupiga, akaupepeta, akaujaza mtungini. Kila mwaka Barka ndiye aliyeuteka humo. Mwaka huu mtungi ulikaa umejaa. Mwezi wa Rajabu pia halikuja bakuli hata moja. Siku za mlisho, watu wakivunja jungu kabla ya kufunga, mtaa mzima ulinukia samli na iliki, na mlangoni kwa Jeilani hapakupigwa hodi.

Mwezi wa Ramadhani alifuturu kwa tende na maji, akaenda msikitini, akarudi. Safaa alikuwa akimpigia simu.

"Baba, yeo umefuturu nini?"

"Kheri."

"Kheri huliwa? Bi Rawiya ameleta nini?"

Jeilani akamwuliza habari za wajukuu. Safaa alimjua babake: akikwepa amejibu.

"Washakusahau," alisema. "Ramadhani ikiisha nakuya kukutwaa. Idi yako Amu, na baada ya Idi pia Amu. Nyumba tutaifunga."

Jeilani hakukataa. Mtu ataung'ang'ania vipi mtaa ambao umekwisha kumwacha? Ila tangu siku hiyo, kila akitoka mlangoni, aliugusa ule mlango kwa kiganja.

Safaa alifika siku ya mwisho ya kufunga. Kabla hata ya kuvua buibui alianza kukunja kanzu za babake na kuzitia begini. Mlango ulikuwa wazi. Rawiya alikuwa akipita, akaliona begi, akasimama pale dakani, penye mlango.

"Safaa, umekuya? Na begi la nani?"

"La Baba. Kesho tukisha kuswali twaondoka na maji ya asubuhi." Safaa akainuka. "Mtu mzima afuturu tende na maji, nanyi ukuta kwa ukuta! Bi Rawiya, mamangu alikukoseeni nini?"

Rawiya alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya pili ya ghuba.

"Sisi? Mwulize babako mabakuli yangu yako wapi! Watoto wangu wanakula kwa vifuniko!"

Safaa akageuka, akavitazama vidaka.

"Bakuli likikaa limesema basi," Rawiya akaendelea. "Mamako halikulala kwake siku mbili. La kwanza lilipokaa nikasema ni msiba. Nikangoja, nikasema bado ni msiba. Nyama ya Idi nikaleta katika la pili, nalo likakaa. Hayat vivyo hivyo, Kadija vivyo hivyo. Tukaambizana, Bwana Jeilani hataki vyetu, na kusema aona haya. Tukamwacha kwa heshima yake."

Jeilani alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini.

"Sikuwa na cha kutia," akasema.

"Mwaka mzima?"

"Haliregeshwi tupu."

Rawiya akavitazama vile vidaka. Akavuta ukaya wake wa kichwani, akajiziba mdomo, na haikujulikana anacheka au analia.

"Subhanallah! Barka, Mungu akurehemu, ulimwacha mtu huyu mbichi hivi? Tia hata chumvi, bwana! Tia hata kuni!"

Akaenda zake akitikisa kichwa.

Jeilani akainuka, akayashusha mabakuli kidakani moja moja, akayapangusa vumbi. Akaufunua mtungi. Akateka ufuta, akayajaza mpaka ukawa unamwagika.

"Baba, ufuta mbichi?" Safaa akasema. "Ngoja niukaange, niutie sukari."

"Wacha."

"Basi niyapeleke mimi. Wanaume hawabebi mabakuli."

"Wacha, mwanangu."

Akatoka na mawili, akarudi kuchukua mengine. Barazani Mohdhar alimwona, akapiga makofi.

"Jeilani! Sisi twatafuta wa kukuoza, kumbe umekuwa bibi mwenyewe!"

"Nipishe. Ufuta wamwagika."

Rawiya alipokea yake mawili mlangoni. Hayat aliita, "Ee Mola, bakuli langu!" kama aliyeonana na ndugu aliyepotea safarini. Kadija alitia vidole katika ufuta, akauponda, akaunusa.

"Ni ule wa Barka huu?"

"Ni wangu," Jeilani akasema. Alikuwa amekwisha kugeuka aende, akasimama. "Ni wetu."

Aliporudi, vidaka vilikuwa vitupu, na nyumba ikaonekana kubwa. Jioni mwezi ukaandama.

Asubuhi, watu walipotoka kuswali Idi, begi lilikuwa limewekwa mlangoni. Safaa alikuwa ameshavaa.

"Baba, tuondoke. Boti ya bandarini Mtangawanda haitungojei, maji yatatuacha."

Hodi ikapigwa. Alikuwa binti wa Rawiya, na bakuli la ua la buluu limejaa kashata za ufuta, bado za moto. Akafuata wa Hayat, bakuli la bati na vitumbua. Kadija alikuja mwenyewe, akitweta, na mkate uliotapakaa ufuta juu katika bakuli lake la udongo.

"Ufuta una mchanga, Bwana Jeilani," akasema. "Barka alikuwa akiupepeta mara ya pili. Mwakani uupepete."

"Mwakani," Jeilani akasema.

Akaketi, akavunja kashata, akatafuna polepole. Nusu akampa Safaa. Kisha akamimina vilivyobaki katika sinia, akateka maji, akaanza kuyaosha mabakuli.

"Baba, boti."

"Nenda kwa salama. Nisalimie mumeo Dawud na wajukuu."

"Na wewe?"

Alilipangusa bakuli la Rawiya, akaligeuza, akaliangalia ndani.

"Siwezi kuondoka," akasema. "Nina mabakuli ya watu."

Safaa akamtazama. Akalifungua begi, akatoa kanzu ya kwanza, akairudisha ukutani.