Sahani ya Kwanza ya Bonane

Nyumbani kwa wakwe zangu, hapa mtaani Musaga, mwaka mpya hauingii mpaka mchele na maharage viive kwenye sufuria moja. Si wali pembeni na maharage pembeni kama kwa watu wengine. Vyote pamoja, na mawese juu, mpaka rangi inakuwa kama udongo wa barabara yetu baada ya mvua. Mama mkwe alikuja na desturi hiyo kutoka Uvira alipoolewa. Ni chakula cha bahati cha bonane, siku ya mwaka mpya, basi, hakuna anayeuliza zaidi.

Kina sheria zake. Anayepika haonji. Na sahani ya kwanza anapewa yule ambaye mwaka huo ana safari, au kazi, au jambo lolote analotaka lifanikiwe. Wengine wakila baada yake, wamekubali kumsaidia. Ukila halafu ukamnyima msaada, mama mkwe husema, umemeza bahati ya mtu na itakukwama kooni.

Kwa kuwa mpishi haonji, chumvi yetu hatuna uhakika nayo. Kuna mwaka ilizidi mpaka wageni wakamaliza bido zima la maji. Kuna mwaka haikuwemo kabisa. Tunatafuna, tunasema merci mama.

Tangu niolewe mpishi ni mimi, na tangu niolewe sahani ya kwanza anakula mume wangu. Mwaka wa kibanda cha kutengeneza simu. Mwaka wa kwenda Kigali. Mwaka wa kuuza magari na rafiki yake ambaye hata baiskeli hana. Anakula bahati, anapangusa mdomo, anarudi kulala. Mi nabaki nakwangua sufuria.

Safari hii nilikuwa na jambo langu. Farmasi moja ya mtaa wa Kinindo ilinikubali nisimame kaunta. Nilimaliza segondari, naweza kusoma mwandiko wa daktari, na mwenye duka aliona hiyo inamtosha. Nianze Jumatatu. Kilichobaki ni mtoto. Bado ananyonya, anatambaa, anaweka mdomoni kila anachookota. Nani abaki naye? Mama mkwe yupo nyumbani kutwa na ana nguvu kunishinda. Nilimwomba kwa heshima yote, nimepiga magoti. Akajibu kwamba yeye wake alishalea, kila mwanamke alee wake. Nikamwomba mume wangu aseme na mama yake. Akasema tutaona. Ndilo neno lake hilo. Nyumba ikishika moto atasema tutaona.

Basi asubuhi ya bonane nilikuwa nimechoka kabla hata ya kuwasha mbabula ya makaa. Mtoto anaota meno, usiku hakunipa nafasi ya kulala. Bomba lilikuwa kavu, nikapandisha maji kichwani, yeye mgongoni. Makaa yamelowa. Nilipepea kwa mfuniko wa ndoo mpaka mkono ukaingia ganzi, na maharage bado yanagonga sufuria kama kokoto.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, akapita huku anapuliza rangi ya kucha zake. Akasema maharage yanasikia hasira ya mpishi, ndiyo maana hayaivi. Nikamwambia basi yaive upesi, maana yameshasikia ya kutosha. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Ndani niliwasikia wanapanga. Sahani ya kwanza, mume wangu tena. Mwaka huu ni kuku. Atafuga kuku. Mtu ambaye mtoto wake mwenyewe hajawahi kumpa kijiko cha uji.

Sikupiga kelele. Sufuria ilipoiva nilichukua sahani, nikapakua, nikakaa kwenye kizingiti cha sebule ambapo wote wananiona, mtoto mgongoni, nikala. Kwa mkono. Njaa yenyewe sikuwa nayo. Nilikula mpaka sahani ikaonekana chini.

Wifi ndiye aliyeona kwanza, akaita mama yake. Mama mkwe akaja, akasimama mbele yangu.

“We mukazana, muke wa mwanangu, umeonja?”

“Sijaonja, mama. Nimekula. Sahani ya kwanza ni ya kwangu. Jumatatu naanza kazi.”

Mume wangu akakohoa. “Mama mutoto, hiyo tutaona...”

“Apana. Hakuna tutaona. Mutu akitaka ale, akikataa aache. Lakini akila, anajua amekula nini.”

Sufuria ikawa inapoa katikati yetu. Wifi akasema yeye njaa haimruhusu kungoja mkutano uishe, na Jumamosi hana shule, atabaki na mtoto. Akajipakulia. Mume wangu alimtazama mama yake, kama kawaida, akisubiri aambiwe kama ana njaa.

Mama mkwe alikaa. Tangu alfajiri hakuwa ameweka kitu tumboni, ndivyo anavyofanya kila bonane, na mwaka ambao hajala chakula hicho hajawahi kuujua. Nilimwona anapima.

“Desturi ni ya kwetu,” alisema, “na leo unanichapa nayo.”

Ilikuwa kweli.

Alinyoosha sahani. Nikampakulia. Alikula polepole, akasema chumvi haimo, na haikuwemo; mimi nilikuwa nimemaliza sahani nzima sijui. Hakusema amekubali. Aliweka sahani chini, akanifungua kitenge mgongoni, akamtoa mtoto, akamnusa kichwa.

“Utakuwa unamuachia maziwa, ao nimupe uji?”

Nikamwambia uji.

Halafu nikaenda kuosha vyombo, maana kula sahani ya kwanza hakumwondolei mtu vyombo. Nikiwa nasugua ile sufuria nilijaribu kufurahi. Nguvu za kufurahi sikuwa nazo. Nilisugua tu.