Waliila Injera Yake, Mashine Yao Haimjui

Saa kumi na mbili asubuhi mjini Dessie, Ethiopia, Wubalem Assefa anamimina uji uliochacha wa tefu, nafaka ndogo ya huko, kwenye kikaango kipana cha udongo, akiuzungusha kutoka ukingoni hadi katikati. Injera, mkate mwembamba kama chapati pana, inapotoboka vitundu, anaifunika. Ikiiva, anainua ukingo wake kwa vidole vitupu na kusukuma ungo chini yake.

"Nilianza nikiwa binti mdogo," anasema. "Moto umenilamba vidole mpaka tumezoeana."

Vidole hivyo ndivyo vilivyomponza. Leseni zote za biashara sasa zinatolewa kwa mtandao, na bila alama za vidole hupati. Mjane huyu wa miaka hamsini na miwili amekwenda ofisi ya mtaa mara tano, na mashine haioni kitu. Asipopata leseni kufikia mwisho wa mwezi, jiko linalolisha wajukuu wake watatu litafungwa.

"Etiye, mama yangu, nawa mikono vizuri," karani alimwambia.

"Nimenawa, mwanangu. Unataka nijichune ngozi?"

"Mashine inasema huna vidole."

"Na hiki ninachokunyooshea ni nini, pilipili?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Wubalem alirudi nyumbani akalia.

Jamani! Mji umejaa wapika injera, wafinyanzi na wafua nguo, wote vidole vimesagika kwa kazi. Nani aliwauliza kabla ya kununua mashine hizo? Wataalamu walijifungia hotelini siku mbili, wakauita mkutano wa wadau. Wadau gani hao? Wubalem alikuwepo, ndiyo, lakini jikoni. Injera mia mbili walizokula alizipika yeye.

"Nilisikia makofi," anasema. "Nikajua wameshiba."

Mkutano wa pili ni Alhamisi hii, na hoteli imeagiza injera tena. Jirani yake, Zeritu, anamsihi asitafute balaa.

"Watakunyima hata oda, shauri yako!"

"Waninyime! Jiko likifungwa, oda nitaipikia wapi?"

Safari hii atazipeleka mezani mwenyewe. Atamega injera, aikunje na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, amlishe mkubwa wao tonge la heshima, gursha, kwa mkono wake. Hapa Dessie, gursha haikataliwi.

"Akishameza," anasema, akipuliza vidole vyake, "nitamuuliza mbele ya wenzake wote: huu uliokulisha si mkono?"