Siku Tulipohesabiwa na Viti vya Kuazima

Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri. Kila kitu nilicho nacho nilikipata kwa randa na nyundo, na sioni haya kusema hivyo.

Nyumba yangu ya kwanza ilikwenda na volkano, wakati muji ungali mikononi mwa waasi wa rebelio. Nikajenga ingine mutaa wa Katoyi, ya mbao, juu ya mawe meusi yanayokata viatu. Vita vikaendelea kutuletea watu wa Kalengera na wa Masisi, avenyu ikajaa. Maji ndiyo hayakuwapo. Wanawake walishuka mpaka ziwani, wakapanda na bidoni za maji mugongoni, kamba kwenye paji la uso. Muke wangu alikuwa kati yao, na goti lake la kuume lilikuwa limeanza kuvimba.

Siku moja chefu wa avenyu akatukusanya. Watu wa ankete watakuja, akasema, kuuliza tunaishi namna gani. Majibu yetu yatawekwa kwenye karatasi pamoja na ya inchi zingine, ionekane watu wa wapi wanaishi vizuri na wa wapi wanaishi vibaya. Kiisha akaongeza kwamba majibu hayo hayo yataonyesha avenyu gani ipate robine, bomba la maji, kwanza.

Neno la inchi nililishika. La robine lilinipita kabisa. Kutoka kwangu mpaka kwenye mupaka wa Rwanda ni mwendo wa muguu, na wale wa ng'ambo wanatuona kila siku tukivuka na mizigo kichwani. Nikasema: Kongo haitawekwa chini kwa sababu ya nyumba yangu.

Kwetu mugeni akija, mutu anaazima. Sahani kwa huyu, thermos kwa yule. Hatuiiti uongo, ni heshima. Mimi nilikuwa na viti vinne vikubwa vya mbao ya libuyu, nilivitengeneza mwenyewe, na hakuna arusi wala kilio kilichopita avenyu ile bila viti vyangu. Basi nikawaambia majirani: vitatembea.

Akaja binti mumoja na karatasi zake. Akahesabu viti, akaandika. Akauliza tunakula mara ngapi kwa siku.

“Tatu,” nikasema.

“Na maji, papa?”

“Maji si shida.”

Muke wangu alikuwa nyuma akichemusha chai niliyomuagiza. Hakuulizwa hata neno moja. Binti alipoaga, viti vikatokea mulango wa nyuma, vikamutangulia kwa mujane jirani yangu, na kutoka pale kwa mwenye kuuza makala ya kupikia, hivyo hivyo mpaka mwisho wa avenyu. Mujane alicheka wiki nzima.

“Muzee, kile kiti kilifika kwangu kingali na joto la matako ya yule binti. Nikaogopa atakitambua.”

Majibu yakatoka. Chefu akasoma: avenyu yetu inaishi vizuri, inaweza kungoja. Robine inakwenda avenyu ya chini. Wale wa chini hawasemezani tangu zamani, kwa hiyo hawakuazimana hata kijiko.

Nilirudi nyumbani nikitukana serikali. Muke wangu aliniacha nikamaliza. Alikuwa ameketi juu ya kizingiti, muguu ameunyoosha, goti kubwa kama boga.

“Uliwaambia tunakula mara tatu,” akasema. “Basi pika ya tatu.”

Kesho yake goti lilikataa kukunjwa, lakini alifunga kamba kwenye bidoni na kutoka, akitembea ubavu-ubavu. Nilimutazama mpaka akapotea nyuma ya ukuta wa kanisa. Sikushika randa siku ile.

Nikaenda kwa chefu, nikamukuta na watu wengi, na yule binti wa ankete pia. Ningeweza kumuvuta chefu pembeni. Nikasema mbele yao wote: nilidanganya ili Kongo isionekane vibaya, na majirani ni mimi niliwafundisha kupokezana viti vyangu.

“Kumbe Kongo nzima iko na viti vinne,” mutu mumoja akasema, wakacheka. Niliwaacha wacheke. Ilikuwa haki yao.

Binti hakucheka. “Papa, karatasi ya inchi imeisha kwenda, siwezi kuirudisha. Ya robine bado iko mikononi mwangu. Nitarudia avenyu yote.”

Alirudi siku ya pili. Sikuagiza chai. Nilimukalisha ndani, muke wangu akiwa pale pale na muguu wake juu ya ndoo, na nikajibu bila kuzunguka. Tunakula mara moja, siku zingine mbili. Mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Kila jibu lilitoka kama musumari uliopinda, lakini lilitoka.

“Maji munachota wapi?”

“Ziwani.”

“Nani anachota?”

“Muke wangu.”

“Mara ngapi kwa siku? Na kwenda mpaka kurudi, anatumia muda gani?”

Mimi ninayejua kila mubao wa nyumba ile umetoka kwenye gogo gani, sikujua. Nikamugeukia muke wangu.

“Muulize yeye,” nikasema.

Binti akasogeza kiti chake upande wa pili, na muke wangu akaanza kueleza, tangu alfajiri.