Siku Niliyoingia Bafuni kwa Mgeni kwa Kupitia Paani

Habari hii ni ya aibu na ni ya kwangu mwenyewe, kwa hiyo niacheni niieleze mimi, maana nimesikia inavyosimuliwa kule bombani na wameiongezea mambo, wengine wanasema nilikuwa namchungulia mgeni, wengine wanasema nilianguka mzima mzima kama gunia la mtama, na hayo yote si kweli. Nilianguka nusu. Nusu ya juu ilibaki juu ya paa, nusu ya chini ikaingia bafuni, na bafuni alikuwamo mwanaume wa watu anaoga. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, wala haihitaji chumvi.

Nyumba ni tembe alilojenga marehemu mume wangu, kijijini kwetu, mbele ya Msalato ukishika barabara ya Kondoa. Kwa asiyelijua, tembe ni nyumba fupi ya miti na udongo, paa lake bapa, unapanga maboriti, juu yake fito, juu yake nyasi, juu yake udongo, ukimaliza una nyumba chini na una uwanja wa kuanikia juu. Mwanangu mkubwa, Lameck, amejenga ya tofali pembeni yake, na kwa miaka mingi wimbo wake ulikuwa mmoja tu, Mama tulibomoe hili tembe, watu wanatucheka.

Sasa Lameck ana binti yake, Neema, anakaa Kikuyu, anafanya kazi ofisini mjini. Huyo ndiye aliyekuja na maneno kwamba watu wa mjini wamechoka na vikao na feni, watalipa kuja kulala kwenye tembe, na wale wanaokwenda Kolo kuangalia michoro ya mapangoni watapumzikia kwetu njiani. Lameck alicheka mpaka akakohoa. "Watu walipe walale tembeni? Mimi nimelala humo bure na nilikimbia!"

Lakini wakabishana, mwisho wakakubaliana mbele yangu. Neema akarabati kwa pesa yake. Wageni wa kwanza wakilala wakaondoka wameridhika, tembe linabaki. Wakiondoka wananuna, mavuno yakiisha Lameck analiangusha, nami nahamia chumba cha uani kwake. Mimi nilikubali (ningefanyaje, mwenye nguvu za kubomoa ni yeye). Kwa hiyo nyumba niliyozalia watoto sita ikawa imening'inia kwa wageni ambao hata majina yao sikuwa nayajua.

Ukarabati ulichukua kiangazi kizima na tuligombana kiangazi kizima. Waliweka madirisha ya vioo. Waliweka choo cha kukaa, nikasema mtu akikaa hivyo hatatoka. Chumba cha ndama wakakifanya bafu, sakafu ya saruji, bomba la mvua juu, kioo ukutani, mahali nilipokuwa nawafungia ndama wenye kuhara. Sasa paa la hicho chumba cha ndama lilikuwa limeoza kwa kuvuja, na fundi aliyetoka mjini hakupata miti migumu, akaacha boriti moja la zamani, kwingine akaweka vijiti vyembamba, akatandika nailoni, akapaka udongo kidogo juu ili lifanane na lile jingine. Ukiangalia huwezi kujua wapi pa zamani panaishia.

Neema akaniita, akanyoosha kidole. "Bibi, unaona huku upande wa bafu? Hapa hapapandwi. Ni pa kutazama tu."

"Paa la kutazama?"

"Ndiyo Bibi. Tena, kwa usalama, usipande kokote. Una miaka sabini na kitu."

Nimeolewa katika nyumba ile. Juu ya paa lile nimeanika mtama, karanga, mlenda, nepi na magodoro, halafu mtoto ambaye nilimfundisha kupenga kamasi ananionyesha kwa kidole pa kukanyaga na pasipo pa kukanyaga. Nilinyamaza, lakini moyoni sikunyamaza. Hapo ndipo mkasa ulipoanzia, ingawa mwili ulikuja kuanguka baadaye.

Wageni wakaja Ijumaa jioni, mtu na mkewe, watu wa ofisini, tuwaite Baba Jesca na Mama Jesca kwa kuwa wenyewe walikuwa wanaitana hivyo. Watu wazuri. Waliamkia, walishika kuta, mwanamke akasema kuna ubaridi mzuri humu, mwanaume akagonga kichwa mlangoni mara mbili na hakulalamika. Mama Jesca akasema anautamani mlenda wa Kigogo, ule wa kukaushwa na kutwangwa, wenye karanga. Neema akadakia, "Kesho mchana Bibi atawapikia," na mimi nikasema hewala.

Shida ni kwamba mlenda niliokuwa nao ulikuwa bado unataka jua la nusu siku. Jumamosi asubuhi Neema akatandika turubai uani, akaumwaga hapo, akaenda senta kutafuta mkate. Nikautazama ule mlenda pale chini, kuku wanapita, vumbi linapita, turubai linanuka turubai. Nikasema, mgeni wa kwanza wa nyumba hii hatakula mchanga. Nikaukusanya kwenye ungo.

Nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba mwanamke mzima hapandi paa akiwa na kitenge peke yake wakati kuna wageni, kwa hiyo ndani nikavaa bukta ya mpira aliyoiacha mjukuu wangu mmoja, ya njano, ina namba tisa kwenye paja. (Nilijiona nina heshima sana.) Gogo letu la kupandia, lile lililochongwa vidato, Neema alikuwa amelificha nyuma ya stoo. Nikalitoa. Nikapanda. Nikautandaza mlenda upande wa zamani, mbali kabisa na bafu, na mpaka hapo, jamani, sikuwa nimekosea kitu.

Ila gogo niliacha limeegemea, na mbuzi wa kwetu hawajawahi kukatazwa kupanda. Nikageuka nikaona beberu yuko juu, anautafuna mlenda wa mgeni kwa utulivu kama yeye ndiye aliyeagiza. Nikavua kandambili moja nikamrushia. Nikamkosa. Ikatua kule upande wa bafu.

Mtu mwenye busara angeiacha. Mimi sijawahi kuacha kiatu changu mahali. Nikajiambia ni hatua tatu tu, nami si mnene.

Hatua ya kwanza ilikuwa sawa, ya pili ilikuwa sawa, ya tatu haikuwa na kitu chini yake. Mguu ukaingia mpaka nyongani, nikataka kujitoa kwa mguu wa pili, nao ukafuata, na nailoni ikanizunguka kiunoni ikanibana kwenye boriti la zamani. Nikakaa hapo. Udongo ukashuka chini, pwaa. Nikasikia maji yanamwagika, halafu nikasikia sauti ya mwanaume, si ya kupiga kelele, ya kuvuta pumzi tu, kama mtu aliyekanyaga makaa.

Halafu mkewe kutoka chumbani, "Baba Jesca, nini hicho?"

"Kuna miguu!"

"Miguu ya nani?"

"Sijui! Imetoka juu! Ya mwanamke!"

"Mwanamke gani tena huko bafuni?"

Nikaona niseme kitu kabla ndoa ya watu haijavunjika. Nikaita kwa sauti ya kawaida, "Ni mimi, bibi yenu."

Maji yakafungwa. Kisha yule bwana, akiwa uchi, na sabuni mwilini, na udongo wa paa letu kichwani, akaiamkia miguu yangu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," nikasema. "Hamjambo?"

"Hatujambo."

Baada ya hapo hakuna aliyejua maneno gani yanafuata. Nikamsikia anahangaika na taulo, mlango unafunguliwa, Mama Jesca anaingia, na mwanamke yule akasema polepole, "Ana namba tisa." Kisha akatoka mbio, na mimi sikujua kama analia au anacheka. Beberu naye alikuwa ameumaliza mlenda, amesimama hatua mbili kutoka usoni kwangu, ananitazama. Sikuwa na kiatu cha pili cha kumrushia, kilikuwa bafuni.

Ndipo Lameck akaingia uani, maana alisema saa tano atakuja kuwaona hao wageni wanaolipa. Akatazama juu akaniona nimeota pale kama boga.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Naanika mlenda."

"Miguu iko wapi?"

"Iko kwa mgeni."

Hakucheka. Ningependa angecheka. Aliitazama nyumba kwa jicho la mtu anayejua sasa pa kuanzia kubomoa. Neema naye alikuwa anaingia na mkate, akauangusha, na majirani watatu wakawa tayari wako kwenye ua, akiwamo Mama Eliya, ambaye Jumapili iliyopita nilimsema kanisani kwa kuvaa sketi fupi. Alinitazama vizuri, akasema, "Pole, mama yangu," kwa upole mwingi. Ule upole ndio uliouma kuliko nyonga.

Lameck akachukua shoka akaingia bafuni, akapanda juu ya kiti. "Hivi vijiti vipya Neema kavilipia," akasema, "nitavunja hili boriti la zamani, limeshaoza." Akamwambia Baba Jesca ashike miguu yangu isisogee.

"Bibi samahani, nakushika," akasema yule bwana.

"Shika."

Lameck akalipiga boriti kule mwisho, karibu na ukuta, mbali na mimi. Shoka likaruka. Akapiga tena, likaruka tena. Nikausikia mtikisiko mpaka kwenye meno, lakini boriti halikutoa hata ufa. Alipiga mara nyingi, anapumua kwa nguvu, mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Shoka limepata pengo."

"Hilo ni la mti wa mkambala," nikamwambia kutoka juu. "Mchwa hawaugusi. Piga vijiti."

Akapiga vijiti mara mbili tu, vikakatika kama mabua, na mimi nikashuka mikononi mwa mwanangu na mikononi mwa mgeni aliyevaa taulo. Nikashusha kitenge. Nikatafuta kandambili zangu. Zote mbili zilikuwa pale sakafuni kwenye matope.

Mama Jesca alikuwa chumbani anapanga nguo kwenye begi. Hapo ndipo moyo wangu uliposimama, maana aibu ni kitu cha kupita, lakini lile begi likifungwa nyumba imekwenda. Mimi si mtu wa kuomba radhi kwa watu ninaoweza kuwazaa. Nikapiga magoti mlangoni, magoti yenye udongo, nikasema, "Wanangu, nimekosa. Nilikatazwa kupanda nikapanda. Nyumba haina kosa. Kosa ni langu."

Mama Jesca akageuka, na nikaona machozi yake yalikuwa ya kicheko, uso wote umevimba. "Bibi simama," akasema, "natafuta nguo kavu za huyu, zile za bafuni zimekuwa udongo." Akamtazama mumewe akaanza upya. Walilala na usiku ule pia. Walioga kwa ndoo nyuma ya nyumba, na mchana walikula maharage. Walipoondoka Jumapili, waliandika kwenye simu, kule wanakoandika wageni, kwamba nyumba ni tulivu, chakula kizuri, na mwenye nyumba yuko karibu sana na wageni wake. Neema alinisomea mara mbili. Sikuona cha kuchekesha.

Lakini lililoniingia ni la Lameck. Jumamosi ile, watu walipoondoka uani, alibaki peke yake bafuni, kichwa juu, anatazama anga kupitia tundu langu, mkono umeshika boriti.

"Mama, huu mti Baba aliukata wapi?"

"Bondeni, kule kwenye korongo. Tuliubeba wawili, yeye mbele mimi nyuma. Nilikuwa na mimba yako."

Jumatatu alikuja na nguzo nne nzuri na fundi mwingine, akasimamia mwenyewe mpaka paa likazibwa. Habari ya kubomoa hajaitaja tena, nami sijamkumbusha.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Mlenda haukuwa na haraka hiyo, ningeupeleka kwenye paa la Mama Eliya ukakauka. Nilipanda kwa sababu nilikatazwa na mtoto katika nyumba yangu, nikataka paa lenyewe liseme ni la nani. Likasema, tena mbele ya watu. Kwa hiyo juu sipandi tena, hata nikiona kilo kumi za karanga zinanyeshewa. Na wageni wakiwamo, hata kama ni mlango nilioingia nao nikiwa bibi harusi, nasimama nje, nabisha hodi, nasubiri nikaribishwe.