Choo Kwenye Kitambaa

Shule yetu ya bweni kando ya ziwa ilifungwa zamani, na siku hizi wanaokaa humo ni popo. Wanawake wanne tuliosoma pale tulikutana kwangu Kisumu kudarizi historia yake kwenye kitambaa cha kutundikwa siku ya karamu ya wanafunzi wa zamani. Wenzangu walidarizi kwaya na bendera. Mimi, mwenye shahada mbili na vidole vya mbao, nilidarizi choo kilichofurika, kikatokea kama mimbari.

“Mama, choo cha nini?” mmoja akaniuliza. “Watu watakuwa wanakula samaki mbele ya hii kitu!”

“Funika na maua,” mwingine akasema, akakata ua la kitambaa chekundu.

Uvundo ule ulinirudia puani. Wa nne wetu, kwa kosa la kusema Dholuo, lugha ya kwetu, alilazimishwa enzi zile kusugua choo hicho kwa mikono mitupu muhula mzima. Sasa alitunga uzi mweupe, akaanza kudarizi funza, mmoja baada ya mwingine, wakipanda ukutani.

“Walikuwa wanene zaidi,” alisema. “Na walikuwa moto mkononi.”

Tulisukuma sahani ya mandazi mbali. Aliyekata ua alilitia mkobani.