Nilivyompeleka Baba Mkwe Dar es Salaam Kutafuta Sauti Yake

Sauti ya baba mkwe ilianza kukwaruza wakati wa kupanda maharage, na tulipovuna alikuwa amebaki na mnong'ono tu. Pale Kisondela wengine walisema ni mafua sugu, wengine wakasema kuna mtu anayeionea wivu migomba yake. Hospitali ya Tukuyu ilimwandikia kwenda Mbeya. Mbeya wakamchungulia kooni, wakataja ugonjwa ambao kwetu ulitajwa mlango ukiwa umefungwa, kansa, kisha wakampa rufaa ya Dar es Salaam.

Yeye hakutaka kwenda. Alishazika watu wawili wa kansa, jirani aliyeumwa titi na mjomba wake aliyeumwa tumbo, na kwa hesabu yake kansa ilikuwa moja, ukiigusa kwa kisu inasambaa. Mume wangu alimbembeleza mpaka akalegea. Lakini mume wangu alikuwa fundi wa mashine kiwanda cha chai, na Desemba ile majani yalikuwa yanamiminika, ruhusa hakuna. Mimi ni mwalimu, nilikuwa likizo, na Dar es Salaam nilishawahi kuishi kwa dada yangu. Ikaamuliwa nimpeleke mimi.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, na jina lake halitamki. Nikimwona anakuja njiani ninachepuka migombani mpaka apite. Mjini walishaanza kulegeza, lakini mzee wangu hakuwa amelegeza hata chembe, na mimi pia. Jina lake hata hapa siliandiki.

Asubuhi ya kuondoka tulishuka kwa miguu mpaka Tukuyu, yeye mbele na koti lake la mitumba, mimi nyuma kabisa kama tusiojuana. Ilikuwa miaka ya ruksa, mabasi ya watu binafsi yanagombania abiria stendi, na kila kondakta aliyenivuta mkono nilimwonyesha mzee kwa kidole ili amwulize yeye kwanza.

Mbeya tulipanda treni. Viti vya daraja la tatu vinatazamana, nikakaa cha nyuma yake tukapeana migongo. Mfanyabiashara wa viazi aliyekaa upande wa pili wa njia, mama mcheshi wa Makambako, akawa mjumbe wetu: mwambie ale, mwulize kama anasikia baridi. Alicheka mpaka akachoka, akasema hajawahi kuona wagomvi wanaopendana namna hii.

Kulipopambazuka tulikuwa tunapita porini. Nilisikia fimbo ikigonga kiti, ko ko ko. Mzee alikuwa ameielekeza dirishani. Tembo walikuwa wamesimama karibu na reli, wakubwa kwa wadogo, wanatutazama bila haraka. Nilishukuru kwamba amenigongea, kwa maana angeweza kuwatazama peke yake.

Dar es Salaam, hospitali ya saratani, siku ya kwanza. Ukumbi wa kusubiri ulijaa watu kutoka kila pembe ya nchi, na mimi niliyedhani msiba huu ni wa kwetu peke yetu nilishangaa. Muuguzi akaita jina la mzee. Yeye akaitika kwa mnong'ono ambao hata jirani yake hakuusikia. Mimi kuitikia jina lile nilishindwa, ulimi ukagoma. Akaita tena, akaita mgonjwa mwingine. Tulirudi Temeke kwa dada bila kuonwa, na dada alinisema sana. Aliniuliza kama nimekuja kutibisha mila au mtu.

Kesho yake jina lilipoitwa nilisimama nikasema, "Yuko hapa."

Walimtia kifaa kooni wakachukua kinyama kidogo kwenda kukipima. Tulisubiri majibu siku nyingi. Yalipotoka, daktari bingwa, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alituita chumbani kwake.

"Saratani si ugonjwa mmoja," aliniambia. "Ni jina la ukoo. Ndani yake wako wengi, na tabia zao hazifanani."

Akanielezea kwa watu tuliowaacha ukumbini. Yule mtoto aliyevimba taya, yake inakua kwa siku chache, lakini dawa ya mshipani huweza kuiyeyusha upesi. Yule mama ana ya shingo ya kizazi, anapigwa mionzi. Yule baba mwenye kidonda puani ana ya ngozi, ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Nilimtajia jirani yetu, akasema hata ya titi ina tiba ikiletwa mapema. Hii ya mzee imekaa kwenye uzi wa sauti, bado ndogo, na mionzi inaweza kuimaliza na sauti ikabaki. Nilisikiliza mdomo wazi. Miaka yote tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, kumbe ni vingi, na kila kimoja kina watu waliokaa kukisomea.

"Lakini akubali mwenyewe," daktari alisema. "Mweleze kwa lugha yenu."

Nilimweleza kwa Kinyakyusa, macho sakafuni, nikimwita Tata, yaani baba. Akajibu kwa mnong'ono. Sikusikia. Akarudia, sikusikia.

"Mtazame mdomo," daktari akasema.

Nikainua macho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona usoni, na nilikuta macho ya mume wangu, yameogopa. Midomo yake iliuliza kama mashine ya mionzi inakata. Nikamwambia haikati. "Basi waambie nimekubali," alisema.

Chumba cha mionzi kilikuwa na kuta nene na mashine kubwa iliyoinama juu ya kitanda. Sote tulitoka, mlango mzito ukafungwa, akabaki peke yake na mwanga usioonekana. Hakikukatwa kitu wala haikutoka damu. Nilisimama nje nikasali kwa woga na kwa kustaajabu, sikujua kipi ni kipi.

Alienda hivyo wiki baada ya wiki. Shule zikafunguliwa, mwalimu mkuu akanishikia darasa. Koo likamwuma, mnong'ono wenyewe ukakauka, nikadhani tumempoteza. Mionzi ikaisha, tukaambiwa tungoje. Asubuhi moja nikiwa jikoni kwa dada nilisikia mwanamume uani akiomba maji. Nikachungulia nione ni mgeni gani. Alikuwa yeye. Niliketi sakafuni nikalia.

Tuliporudi Kisondela nilimwacha atangulie, nami nikapita njia ya nyuma. Wanaume walijaa uani kwake, naye akawasimulia kwa sauti nzito habari za ukoo wa saratani, ipi inakimbia na ipi inakwenda polepole. Walipomwuliza kayajuaje yote hayo, nilimsikia akisema, "Mwulizeni mkwe wangu. Yeye ndiye aliyenifungulia maneno."

Mchana huohuo mama mmoja jirani aliingia jikoni kwangu, akafunga mlango, akashusha kitenge. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe.

"Mwalimu," aliuliza, "na hii ni ya aina gani?"

Nilimwambia sijui, na kwamba kwa kutazama tu hakuna anayejua. Nikamfunga kitenge chake vizuri, nikamwuliza kama kesho anaweza kutembea mpaka Tukuyu.